Kiti cha Ridhimu

Bendi ya dansi ya zamani ilikuwa na kiti cha mtu ambaye bado hajui. Watu wakiukumbuka muziki ule huwataja waimbaji na wapiga solo, na wana haki, maana hao ndio waliotutoa machozi. Mimi nikiusikiliza leo, sikio linakwenda lenyewe kwenye gitaa la ridhimu, lile linalokwangua kodi zilezile tatu tangu ubeti wa kwanza mpaka chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezesha, linapokatwa. Hapo ndipo mwanafunzi alipowekwa. Alianza kwa kubeba vyombo na kuangalia wenzake wanavyokaza nyuzi. Siku mpiga ridhimu akiugua, au akitoroka kwenda bendi nyingine, na kutoroka kulikuwa kwingi, yule mbeba vyombo aliitwa mbele. Akiweza kushika kodi tatu bila kuitangulia tumba wala kubaki nyuma yake, aliachiwa kiti. Muda ukipita alihamia solo la pili, na aliyejaliwa akafika kwenye solo lenyewe. Kiti cha ridhimu kikawa wazi tena kwa mwingine.

Nayasema haya kwa sababu kila mtu ananiambia kwamba siku hizi kujifunza gitaa kumekuwa rahisi. Ni kweli kabisa, kumekuwa rahisi. Mtoto ana simu, na ndani ya simu wamo walimu wa dunia nzima, wanaorudia somo hata mara mia bila kuchoka. Lakini kile kiti kimeondolewa, na sijaona kilichowekwa mahali pake.

Kwetu ni Soga, stesheni ya reli ya kati, baada ya Pugu na kabla ya Ruvu kwa anayetoka Dar es Salaam. Ni wilaya ya Kibaha, lakini ukitembea kidogo kusini uko kwa ndugu zetu wa Kisarawe, na harusi na misiba yetu haijawahi kuujua mpaka huo. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907. Kwa upande wa muziki tulikaa mahali pa heri. Mwanzo wa safari kulikuwa na Dar es Salaam ya NUTA Jazz, Western Jazz na Dar es Salaam Jazz. Mbele kulikuwa na Morogoro ya Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na Morogoro Jazz aliyoipigia Mbaraka Mwinshehe kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Treni ya abiria ilipita kwetu katikati ya miji hiyo, na abiria waliokuwa dansini jana yake walishuka na wimbo mpya mdomoni, nusu wakiujua, nusu wakiubuni.

Ninaozungumzia ni mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34, na mimi nilikuwa mtoto mkubwa wa kutosha kuelewa kwamba watu wazima walikuwa wakimlilia mtu ambaye wengi wao hawakupata kumwona kwa macho. Walimjua kwa redio. Huyu ndiye aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, na kwetu sisi habari hiyo ilimaanisha kwamba mtu anayeshika gitaa kwenye stesheni zetu hizi anaweza kusikika popote.

Santuri zilikuwa adimu. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, nyimbo zetu zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, njia hiyo ikazibwa. Muziki ukabaki mikononi mwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyorekodi bendi kwenye studio zake za Pugu Road, barabara ambayo leo inaitwa Nyerere. Kwa mtoto anayejifunza gitaa maana yake ilikuwa kwamba wimbo unaupata pale redio inapoamua kukupa. Huwezi kuurudisha nyuma. Huwezi kumwambia mpiga solo apunguze mwendo. Unasikiliza kwa mwili mzima, wimbo unaisha, unakimbilia gitaa kabla haujakutoka kichwani, na ukikosea utasubiri mpaka siku nyingine. Betri nazo zilikuwa za kutafutwa. Zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo ya jioni, na nguvu hiyo nyumba nzima iliiweka kwa ajili ya taarifa ya habari na Klabu Raha Leo Show. Nimekutana na wapiga gitaa wa rika langu kutoka Tanga, Tabora na Iringa, na wote wanayo masikio ya namna moja. Ukiwapigia wimbo mara moja tu wanakwambia kodi ya pili imebadilika wapi.

Kabla ya gitaa kulikuwa na kopo. Kila mtoto wa kiume pale stesheni, na wasichana wawili watatu wasiojali maneno ya watu, alikuwa na gitaa la galoni ya mafuta: ubao wa shingo umepigiliwa misumari, nyuzi zimechambuliwa kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Lilikuwa na nyuzi tatu, pengine nne, na halikuwa na vyuma vya shingoni, kwa hiyo sauti unaitafuta kwa sikio, kidole kikiteleza mpaka kifike. Nawaonea huruma wanaodhani yale yalikuwa ya kuchezea tu. Yalitufundisha kwamba sauti ina mahali pake kwenye uzi, na kwamba mahali hapo unapatafuta mwenyewe.

Gitaa la kweli lilikuwa la mjomba. Alikuwa mfanyakazi wa gengi la reli, wale wanaobadili mataruma na kukaza bolti juani, na jioni alikaa mbele ya kota yake na galatoni, gitaa kavu lisilo na umeme, ubavu wake mmoja umeungwa kwa gundi. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na shahada, kama walivyopiga watu wa Katanga. Mwenyewe alisema alijifunzia kwenye santuri za Mwenda Jean Bosco, yule bwana ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, mji unaoitwa leo Likasi. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada linajibu kwenye nyuzi nyembamba. Anayesikiliza kutoka ndani ya nyumba anadhani nje wamekaa watu wawili.

Nilidhani atanifundisha hivyo. Alinipa kazi ya kukaza nyuzi. Kwa muda mrefu sana kazi yangu ilikuwa hiyo: yeye anazilegeza zote kwa makusudi, ananipa gitaa, anakwenda kuoga. Akirudi zote sita ziwe zimekubaliana. Unabana uzi mnene kwenye chuma cha tano, uzi wa pili yake ukiwa wazi utoe sauti hiyohiyo, na hivyo hivyo unaendelea, isipokuwa unapofika uzi wa tatu kutoka chini, huo unabanwa kwenye chuma cha nne. Haya yameandikwa kwenye vitabu. Kisichoandikwa ni kwamba nyuzi mbili zikikaribia kukubaliana sauti yake inatetemeka, mtetemo unapungua kasi, unapungua tena, halafu unatulia kabisa. Mjomba alitaka niusikie utulivu huo bila kuambiwa. Leo kifaa cha simu kinawasha taa ya kijani, na mtoto anajua kwa macho kitu ambacho sisi tulikijua kwa masikio. Sikikatai kifaa hicho, kinaokoa muda mwingi. Ila nimewaona vijana ambao simu ikizimika hawawezi kuanza kupiga, na gitaa liko mikononi mwao.

Nyuzi zilipotuchosha tulizichemsha. Zinavuliwa, zinatiwa kwenye sufuria ya maji, jasho na uchafu vinatoka, zinarudi kulia vizuri kwa siku chache. Uliokatika uliungwa kwa fundo, mradi fundo likae nje ya sehemu inayolia. Hapakuwa na duka la kwenda kuuliza nyuzi. Mtu akisafiri kwenda Dar es Salaam alipewa ujumbe, na mara nyingi alirudi na uzi mmoja, wa unene usiohitajika.

Kisha vidole. Sisi watoto wa jembe tulikuwa na sugu kwenye viganja, lakini ncha za vidole zilikuwa laini kama za mtu mwingine yeyote, na galatoni lina nyuzi zilizoinuka mbali na shingo. Kubana C kulichubua. Kuhama kutoka C kwenda G kulichukua muda ambao ndani yake mtu angeweza kuimba mstari mzima. Na F ndiyo iliyowarudisha wengi nyumbani: kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote kwenye chuma cha kwanza, vingine vitatu vinapanda juu yake, na kinachotoka mwanzoni ni ukimya na mlio wa kuni. Sijawahi kukutana na mpiga gitaa asiyekumbuka siku F ilipolia. Hiyo haijabadilika. Ngozi ya mtoto wa leo inachubuka vilevile, na hakuna programu iliyopata dawa yake.

Mkono wa kushoto mjomba aliuachia muda uufundishe. Aliouhangaikia ni wa kulia. Siku moja nilikuwa nimeshikilia kodi zangu barabara kabisa, zote zinalia, na yeye akanitazama kwa uso wa mtu aliyepewa chai bila sukari. Alikuwa amesikia mdundiko unakuja kutoka upande wa Kisarawe, ngoma yetu ile ya kutembea, inayopita nyumba hadi nyumba na kuondoka na watu. Akanitoa gitaa mikononi.

"Mjomba, achana na vidole," aliniambia. "Kafuate miguu ya watu."

Nikaenda. Nilifuata mdundiko mpaka mbali, nikarudi gizani nikiwa nimepigwa na vumbi, akanipa gitaa akanitaka nipige C peke yake, kodi moja, kama walivyokuwa wakikanyaga. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kiganja: kuziziba nyuzi mara tu baada ya kuzipiga, ili kati ya mpigo na mpigo pabaki nafasi ya mguu kushuka. Ridhimu ndiyo hiyo. Asiyeziba nyuzi anajaza kila mahali, na mchezaji hana pa kukanyaga.

Baadaye, nilipokuwa mkubwa, niliona kwamba mjomba hakuwa peke yake katika fikra hiyo. DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliita mtindo wake Sikinde, na Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Wapinzani wake, ile NUTA Jazz iliyokuja kuwa Juwata na baadaye OTTU, wakashika Msondo, nayo ni ngoma ya huku huku kwetu. Muhidin Maalim Gurumo, aliyeimba NUTA tangu mwaka 1964 na kisha akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, alikuwa mtoto wa Masaki, Kisarawe, na huko ndiko alikozikwa Aprili 2014. Watu wa mjini walicheza Sikinde na Msondo wakiona ni muziki wa umeme na taa za rangi. Sisi tulisikia ndani yake njia ya vumbi ya kwetu, na hatukuhitaji kuelezwa.

Kikundi chetu kilikuwa cha harusi na sikukuu. Galatoni mbili, tumba moja, chupa na kijiko, waimbaji watatu. Mjomba alipiga solo. Ridhimu alipewa kijana mmoja wa kota za jirani, na alipohamishwa na baba yake kwenda Kilosa, kiti kikaja kwangu. Nilijua kodi tatu na ya nne ya mashaka. Nieleze ilikuwaje kukaa pale, maana ndicho ninachotaka kieleweke kuliko yote. Hukuwa mtu wa kusikilizwa, hakuna aliyetoka nyumbani kwake kuja kukusikia wewe. Lakini ukinyamaza, waimbaji wanageuka. Solo linakosa mahali pa kusimama. Mwimbaji akiamua kuuvuta mstari kwa sababu bibi harusi anapita, wewe ndiye unayejua kwamba anauvuta, unabaki kwenye C ukimngoja, na tumba inakutazama wewe kujua tunahama lini. Mtu anayejua kidogo sana alikuwa amebeba wimbo wa watu wanaojua sana, na walimwamini nao. Sijui shule yenye somo kubwa kuliko hilo. Nilipiga saa nyingi bila kuchoka, na nilijifunza mbele ya watu mambo ambayo barazani yangenichukua miaka.

Mjini hali ilikuwa hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Michael Enoch, aliyepigia Dar es Salaam Jazz na baadaye akaongoza muziki wa Mlimani Park, wenzake walimwita King, na walimwita pia Ticha, kwa sababu vijana wengi walipita mikononi mwake. Hakuwa na darasa. Alikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na nafasi za kujaza. Vyombo havikuwa vyake wala vya hao vijana. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, Mlimani Park ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na polisi na jeshi la kujenga taifa walikuwa na zao. Mtoto wa mkulima wa Soga asiyeweza kununua hata uzi mmoja angeweza, akijaliwa, kushika gitaa la umeme la bei ya ng'ombe kadhaa na kulipwa mshahara kwa kulipiga. Wanaoikumbuka Tanzania ile kwa foleni za sukari na sabuni hawakosei, nilisimama kwenye foleni hizo. Nao wakumbuke magitaa.

Haya yaliondoka polepole mpaka hatukuona yalipoisha. Mashirika yakaanza kufa au kuuzwa, na bendi haikuwa kitu cha kwanza kuokolewa. Vikaja vinanda vya umeme vinavyobeba ngoma, besi na ridhimu ndani ya kitufe kimoja. Miaka ya 1990 redio za binafsi zikafunguliwa, muziki ukaanza kutengenezwa kwenye kompyuta na mtu mmoja aliyejifungia chumbani, na vijana wakapata lugha yao ya bongo fleva. Sina ugomvi nao. Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya nusu karne ya kuimba, alikuwa hana gari, na aliyempa gari ni Diamond Platnumz, kijana wa muziki huo mpya. Habari hiyo iliniumiza na kunifurahisha kwa pamoja. Ilinionyesha kwamba heshima ilikuwapo. Ilinionyesha pia kwamba muziki uliowatembeza watu usiku kucha haukumwachia mwenyewe hata gari la kumrudisha nyumbani.

Mjomba alistaafu reli kabla ya hayo yote kuisha. Mikono yake ilikakamaa kwa kazi ya mataruma, shahada likakataa kujibu gumba, akaacha. Galatoni lilipasuka shingo katika nyumba ya ndugu, na nilipolikuta halikuwa la kuungwa tena. Mimi nilikuwa Dar es Salaam nikitafuta maisha kwa kazi nyingine, nikipiga siku moja moja nilipoalikwa, na mialiko ikapungua kwa sababu waalikaji walipungua. Ninachojutia ni kwamba hakuna mtoto aliyekaa pembeni yangu miaka yote hiyo akinitazama mikono. Mjomba alikuwa nami. Mimi sikuwa na mtu.

Sasa nimerudi. Soga ina stesheni mbili: ya zamani, ya reli ya mita moja, na mpya ya reli ya kisasa, pana, yenye waya za umeme juu. Kambi kubwa ya ujenzi wake ilikuwa hapa kwetu, na safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024. Treni inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Nimeipanda, ni safi, inafika kwa wakati, na nimefurahi kuishi mpaka kuiona. Lakini abiria wake hawashuki wakiimba. Kila mmoja ana wimbo wake sikioni.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti wa dada yangu, ana gitaa. Lilinunuliwa Kariakoo, la kutoka China, jekundu, nyuzi zake zimekaa karibu na shingo kiasi kwamba niliona wivu nilipolishika. Alijifunza kwa simu, usiku, vifurushi vikiwa bei nafuu. Na anajua. Nasema bila kumpendelea: katika umri wake mimi sikuwa hata nusu yake. F inalia. Anapanda shingo mpaka kwenye vyuma ambavyo galatoni letu halikuwa navyo. Ameshika solo za Franco wa Kongo, ameshika za Mbaraka, kwa sababu kwenye simu anaweza kuzipunguza mwendo mpaka kila sauti isimame peke yake, jambo ambalo mjomba angetoa mshahara wa mwezi kulipata. Nilipomsikiliza kwa mara ya kwanza nilishindwa kukaa.

Nikamwambia apige ridhimu ya wimbo uleule. Akaniangalia.

"Ridhimu imo humu, babu," akasema, akanyoosha simu. Ilikuwa imo kweli. Kuna bendi nzima ndani, haichoki, haiugui, haihamishwi Kilosa. Haimngoji pia. Akivuta mstari kidogo kwa kuupenda, bendi inaendelea na safari yake na kumwacha, kwa hiyo amejifunza kutovuta. Anapiga kila kitu mahali pake hasa. Nilitaka kumweleza kwamba hilo silo kosa lake, nikaona hakuna kosa la kuelezwa, kuna kitu tu ambacho hakijawahi kumtokea.

Akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwa unapiga na nani?"

Nikamtajia wote, kwa majina ya utani tuliyoitana, mmoja mmoja, na kila mmoja alikaa upande gani. Ilichukua jioni nzima. Alipouliza yeye atapiga na nani sikuwa na jina hata moja la kumpa. Kanisani wana kinanda chenye kitufe. Kwenye harusi kuna spika kubwa kuliko mlango na kijana mwenye kompyuta. Bagamoyo, mkoani kwetu humu humu, kuna chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na nimewasihi wazazi wake wamfikirie. Naamini atafundishwa vizuri huko. Lakini kwenda chuoni unakwenda ukiwa umeamua kuwa mwanamuziki, na mimi sikuwahi kuamua hivyo. Niliitwa tu kwa sababu palikuwa na pengo. Watoto wengi wanaoshika gitaa hawatakwenda chuo chochote, na hao ndio bendi zilizokuwa zikiwaokota.

Kwa hiyo nimeanza kuuliza. Kuna kijana wa upande wa Kisarawe anayepiga ngoma kwenye mdundiko, nimemleta barazani kwangu Jumamosi, na mara ya kwanza yeye na mjukuu wangu walipishana kama watu waliokosana: mtoto anapiga kwa usahihi wa simu, kijana anapumua na ngoma yake, hakuna anayemsikia mwenzake. Nikachukua galatoni nililoazima, nikakaa katikati yao, nikashika C na kuziba nyuzi. Vidole vyangu vimekuwa vizito na F sasa naikwepa, lakini kiti kile sijakisahau. Polepole mjukuu akaacha kuangalia mkono wake akaanza kuniangalia mimi, kisha akamwangalia wa ngoma. Kuna mahali aliuvuta mstari. Tukamngoja wote wawili, akatufikia akicheka.

Tunakutana karibu kila Jumamosi sasa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameahidi kuja kuimba, na yule wa kinanda cha kanisani amekubali kuja kwa sharti kwamba tusimcheke akiwa amezima kitufe. Ridhimu nimeishikilia mimi kwa muda, mpaka apatikane mtoto anayejua kodi mbili tatu, na nimekwishawaambia majirani kwamba asijue zaidi ya hizo. Kinachotusumbua ni besi. Kuna kijana wa Ruvu ametajwa, wanasema ana sikio zuri, lakini hana gitaa, na gitaa la besi Kariakoo nimeuliza bei.